Kilo Sita za Kikapu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimepigiwa king'ora kama mwizi.

Kikapu kipya kimefika. Sisi wasafisha vioo vya maghorofa tunakiita kikapu — kile kibaraza cha chuma kinachoning'inia kwa kamba za waya. Watu wawili ndani, ndoo, sabuni, vifutio, mashine inawapandisha na kuwashusha ukutani. Cha zamani kilikuwa bubu. Hiki kinajipima chenyewe. Kikizidiwa kinapiga kelele na kugoma.

Kaingia mwenzangu Sindano kwanza. Kimya. Zikaingia ndoo. Kimya. Nikaingia mimi — mguu mmoja tu! — wiiiii! Taa nyekundu. Walinzi wakatoka mbio. Watu wa ofisi za ghorofa ya kwanza wakabandika nyuso kwenye kioo nilichokisafisha mwenyewe Ijumaa.

"Labda ni ndoo," kasema Sindano. Ana moyo mzuri mwenzangu huyu. Miaka tisa tunaning'inia pamoja. Mwembamba hadi upepo ukivuma namshika mkanda.

Msimamizi hakulaumu ndoo. Kaleta mzani wa stoo, katupima hadharani kama magunia. Sindano arobaini na tisa. Vifaa arobaini. Mimi tisini na saba. Jumla mia na themanini na sita. Kikapu kinakubali mia na themanini, basi. Ndoo hazipunguzwi, zimo kwenye kanuni. Wasafishaji wa nje kwenye jengo hili tuko sisi wawili tu.

Kwa sauti ya mtu anayetoa pole msibani, msimamizi kasema mkaguzi anakuja tarehe 28 Aprili. Hadi hapo tupande kile cha zamani. Siku hiyo kikapu kipya kikilia, mimi nashushwa. Nitapewa mopu, nisafishe ukumbi wa chini.

Miaka ishirini na miwili nipo juu. Ukumbi wa chini! Huko hata upepo hakuna.

Jumanne, 4 Machi

Zahanati. Nilikwenda nimejiandaa kwa mabaya. Nilijua muuguzi wa lishe ataniambia acha wali, acha viazi, acha mkate, ishi kwa tango kama sungura.

Kaniambia kula viazi!

Nikamwuliza mara mbili. Viazi vya kuchemsha, kula hadi ushibe. Wali. Mahindi. Maharage, dengu, mboga, matunda. Shibe ruksa! Nikataka kumkumbatia. Ndipo akageuza karatasi.

Upande wa pili: mafuta, hakuna. Siagi, hakuna. Jibini, hakuna. Nyama ya mafuta, ngozi ya kuku, hakuna.

"Hata kijiko?"

"Hata kijiko."

"Hata yale ya alizeti, yenye picha ya jua?"

"Mama, mafuta ni mafuta hata yakiwa na picha ya mwezi."

Kanieleza taratibu. Kiazi kinajaza tumbo, unashiba, unaacha. Mafuta hayajazi. Yanajificha kwenye chakula na kuingia kimya kimya, kijiko kimoja kinabeba nguvu ya kiazi kizima, na tumbo wala halina habari.

Nimetoka na karatasi yangu nikitabasamu. Nilipofika kwenye ngazi za nje ndipo nikamkumbuka mume wangu. Nikakaa chini.

Jumatano, 5 Machi

Niandike hapa, maana sina pa kusemea.

Mume wangu ni mpishi. Si wa kubahatisha — miaka thelathini na moja kwenye jiko la hoteli kubwa, mbele ya karai la mafuta. Kuku wake watu walivuka mji mzima kumfuata. Mwaka jana hoteli ikafungwa. Wakampa karai lake na mkono wa kwaheri. Miezi mitatu Mzee alikaa kwenye kochi akitazama ukuta. Asubuhi moja akainuka, akanifungia chakula cha mchana. Tangu hapo ndiyo kazi yake. Mimi ndiye hoteli nzima — meza moja, mteja mmoja.

Sasa nimwambie mafuta basi? Ni sawa na kumwambia mwimbaji aendelee, ila asifungue mdomo.

Leo kanipa hotpoti ya ghorofa tatu. Juu kuku wa kukaanga. Katikati viazi vilivyooga siagi. Chini keki. Nikapokea kwa mikono miwili. Kwenye mfuko wa ovaroli nilikuwa na viazi vyangu vinne vya kuchemsha, nimevifunga kwenye kofia ya kuogea. Nilivichemsha yeye akiwa bafuni.

Saa sita Sindano akatoa mkate wake mkavu na chai. Nikamsukumia hotpoti.

"Kula. Mimi nipo kwenye dawa."

"Yote, dada?"

"Yote. Chombo kirudi kitupu."

Kula kwake! Sijawahi kuona mtu akila huku amefumba macho.

Jioni Mzee kauliza, vipi? Nikasema tamu sana. Mungu anisamehe.

Alhamisi, 6 Machi

Tatizo. "Tamu sana" haimtoshi. Ni fundi! Anauliza maswali ya kitaalamu. Ile ngozi ililia chini ya jino au ilikaa kimya? Pilipili ilikuja mwanzo au ilikuja nyuma?

Nikasema ilikuja katikati.

"Katikati?" Kanitazama muda mrefu.

Jumatatu, 10 Machi

Tumepata utaratibu. Sindano anakula, anasema, mimi naandika nyuma ya fomu ya zamu. Njiani kurudi nyumbani nakariri kama mtoto wa shule. Leo: "Ngozi inavunjika kama barafu nyembamba, halafu ndani bado kuna joto la jikoni." Nikamwambia Mzee vivyo hivyo. Kaweka mkono kifuani. Kaniomba nirudie.

Miaka tisa Sindano hajaniambia zaidi ya "vuta kamba" na "shika ndoo". Kumbe alikuwa na maneno yote hayo. Alikuwa na njaa tu.

Mzani wa stoo: 95 na nusu! Na sijalala njaa hata siku moja. Viazi sita kwa siku, sahani ya wali na dengu, mahindi mawili, vyote huku huku kazini; jioni namwambia Mzee bado nimeshiba. Sielewi, lakini silalamiki.

Jumatano, 12 Machi

Maharage.

Muuguzi kasema yanashibisha. Hakusema mengine. Ghorofa ya kumi na sita, kikapu hatua tatu kwa moja, mlango hakuna. Sindano akageukia nje, akasema bila kunitazama, "Upepo wa leo unatoka karibu." Nikasema naam. Mara ya tatu akasema, "Dada, upepo huu utatufukuza kazi kabla ya mzani." Tukacheka hadi kikapu kikayumba. Ndani ya kioo kulikuwa na mkutano, watu wazima na tai zao. Mmoja akatupungia mkono. Nikampungia kwa kifutio chenye povu.

Somo: loweka, mwaga maji, chemsha upya. Na usile siku ya kupanda.

Jumamosi, 15 Machi

Dada yangu mkubwa kapiga simu. Yeye ni mtaalamu wa kila kitu, hajasomea hata kimoja. Sijui nani kamwambia — mimi mwenyewe, nadhani, mdomo wangu huu.

"Viazi? Unapunguza mwili kwa viazi? Mdogo wangu, huko ni kuzima moto kwa petroli! Kila mtu anajua wanga ndio unaonenepesha."

Nikamwuliza yeye anakula nini siku hizi. Nyama na jibini, kasema, mkate haugusi. Nikamwuliza amepungua kilo ngapi. Kasema mtandao unakatika, hanisikii.

Jumapili, 16 Machi

Jumapili hakuna Sindano. Ni mimi, Mzee na karai.

Wiki iliyopita nilisingizia tumbo. Leo kaweka sahani mbele yangu, kavuta kiti, kakaa anitazame. Pa kukimbilia hakuna. Nikala paja moja. Ngozi yake — basi, niache. Sindano hajasema hata nusu! Machozi yakanitoka. Mzee kauliza, pilipili? Nikasema ndiyo, pilipili. Nikala paja la pili. Nikala mbawa.

Jumatatu, 17 Machi

Nusu kilo imerudi. Sina la kusema.

Alhamisi, 27 Machi

93. Suruali ya ovaroli imeanza kupwaya. Nimeifunga kwa kamba ya ndoo.

Nimegundua vitunguu vinaweza kukaangwa kwa maji! Kijiko kimoja kimoja, hadi viwe vya kahawia. Nilijaribu jana Mzee alipokwenda sokoni. Baadaye nikafungua madirisha yote na kuosha sufuria mara mbili, moyo unadunda, kama mtu aliyeingiza bwana nyumbani.

Juu leo palikuwa shwari. Ghorofa ya kumi na tisa, jua limetoka, kioo chote kimejaa anga, na wewe umesimama katikati ya anga mbili na kitambaa mkononi. Sindano alikuwa anaimba chini kwa chini. Nikawaza ukumbi wa chini. Nikala kiazi changu kwa adabu.

Jumanne, 8 Aprili

Zipu ya ovaroli ya Sindano imekatika akiinama kuchukua ndoo. Pa! Imemgonga njiwa. Kasema ni sabuni mpya ya kufulia, inasinyaza nguo. Nikakubali, sabuni ile si nzuri.

Mimi 91.

Ijumaa, 11 Aprili

Mzee anaimba jikoni. Kanunua daftari, anapanga vyakula vya wiki nzima kama hotelini. Ukurasa wa mwisho kaandika kwa herufi kubwa MAONI YA MTEJA, na chini yake maneno ya Sindano, neno kwa neno, kwa jina langu. Jirani alipopita kamsomea dirishani.

Mwaka jana mtu huyu alikuwa hanyoi ndevu.

Njia ya mwongo fupi, walisema wahenga. Hii yangu kila siku inarefuka, na sasa imetiwa lami.

Jumapili, 13 Aprili

Pete imenivuka. Nilikuwa naosha vyombo, ikateleza, ikalia kwenye sinki. Mzee kaiokota. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Kaigeuza geuza kwenye mwanga.

"Chakula changu chote kinakwenda wapi?" kauliza. Sauti ndogo kabisa.

Kasema mama yake mzazi alianza hivi hivi. Anakula vizuri, anasifia, na anapungua. Anakula, anapungua. Walipokuja kumpeleka hospitali — hakumalizia.

Nikasema ni kazi tu, kupanda na kushuka.

"Umepanda na kushuka miaka ishirini na miwili, mke wangu."

Ilikuwa nafasi yangu. Mdomo niliufungua kabisa! Halafu kakata kipande kikubwa cha keki, kasema ongeza, ongeza kidogo. Alipogeuka nikaifunga keki kwenye kitambaa.

Mwoga mimi. Napanda ghorofa kumi na tisa bila kizunguzungu, na meza ya jikoni inanitisha.

Jumatatu, 21 Aprili

Sijui niandike nikicheka au nikilia.

Leo tulijipima kabla ya mkaguzi. Asubuhi nikapanda mzani wa stoo — tisini kamili! Kilo saba! Nikapiga hesabu mara nne: mia na themanini na sita, toa saba, mia na sabini na tisa. Imepita! Nikamwita msimamizi aje ashuhudie. Nikawaita walinzi walioniona siku ile. Nikawa wa kwanza kuingia kwenye kikapu kipya, kichwa juu, kama bibi harusi. Kimya! Ndoo. Kimya! Sindano akaweka mguu —

Wiiiii!

Watu wote wakanyamaza, king'ora peke yake kinaongea. Msimamizi akaleta mzani. Sindano hakutaka kupanda. Akavua viatu. Akavua kofia. Akapanda.

Hamsini na sita.

Kilo saba! Zile zile! Hazikupotea hata njia! Nikamtazama mwenzangu kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Mashavu. Shingo. Kiuno! Sindano kaota kiuno! Macho haya yanaona alama ya kidole kwenye kioo cha ghorofa ya nane nikiwa barabarani, na mtu aliye hatua moja nimeshindwa kumwona.

Msimamizi, ambaye miaka yote sijamsikia akitania, kafuta miwani yake. "Kwa hiyo," kasema, "kilo zimebadilisha ovaroli tu."

Jumla: mia na themanini na sita. Imebaki wiki moja.

Jumanne, 22 Aprili

Tumegombana, na tumegombana hewani — mahali ambapo huwezi kuondoka ukabamiza mlango.

Nilianza mimi. Nikamwomba arudi kwenye mkate wake, wiki moja tu. Alifuta kioo kile kile mara kumi. Halafu:

"Dada, tangu mama afe hakuna mtu aliyenipikia. Miaka kumi na minne najichemshia chai. Unanilisha chakula cha mapenzi miezi miwili, leo unaniambia nirudi kwenye mkate mkavu?"

"Hayo mapenzi hayakuwa yako!"

Yalinitoka kabla sijayashika. Sindano akakamua kitambaa chake polepole, hadi tone la mwisho.

"Yalikuwa yako," kasema. "Hukuyataka."



Jumatano, 23 Aprili

Hotpoti ilikaa kati yetu mchana kutwa. Hakuna aliyeigusa. Jioni nimemwaga chakula cha mume wangu kwenye pipa la nyuma ya jengo. Mlinzi kaniona. Kasema, mama, hiyo ni dhambi. Nikasema najua.

Kisha nyumbani nikasifia.

Alhamisi, 24 Aprili

Mficha uchi hazai. Yamefichuka.

Saa sita mchana, benchi la nyuma ya jengo. Sindano kaitazama hotpoti dakika tano nzima, kisha kasema, chakula hakina kosa, tuliogombana ni sisi. Kafungua. Nikafurahi, maana angalau alikuwa amenisemesha. Mimi nikatoa kiazi changu kwenye kofia ya kuogea.

Nikainua macho. Mzee.

Amevaa suti. Ile ya harusi ya binti yetu. Mkononi kashika bahasha yenye vyeti vyangu vyote vya hospitali, tangu vya uzazi. Alikuja kumwomba msimamizi ruhusa anipeleke nikapimwe. Hakutaka kunitisha, kwa hiyo hakunieleza. Alikuwa amepanga gari na kila kitu.

Katazama hotpoti. Katazama paja la kuku kwenye mkono wa Sindano. Katazama kiazi changu. Hapo kwenye kiazi ndipo alipokaa zaidi.

"Shikamoo, Mzee," kasema Sindano, mdomo umejaa. Kasimama wima na kuku wake.

"Marahaba." Kwa adabu yake yote ya hotelini. "Pilipili imekuja mwanzo au nyuma?"

Sindano kanitazama mimi. Kamtazama yeye. Kameza.

"Nyuma, Mzee. Pole pole. Kama mgeni anayebisha hodi huku anaona haya."

Mzee akatikisa kichwa mara nyingi, kama mtu aliyekutana na sauti aliyozoea kuisikia redioni.

"Kumbe ni wewe," kasema.

Kageuka, kaondoka. Nikamkimbilia, mkono mmoja umeshikilia suruali isivuke. Nikaita. Nikaita tena. Hakugeuka. Bahasha yangu kaibana kwapani kama mtoto.

Jioni nimefika nyumbani, jiko baridi. Karai limefunikwa gazeti. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuingia nyumba hii isinukie kitu.

Ijumaa, 25 Aprili

Asubuhi hakunifungia chakula. Alikuwa kwenye kochi.

Kazini sikufaa kwa lolote. Sindano kasema, rudi nyumbani, nitafuta peke yangu vioo vya chini. Nimerudi saa saba. Nikakaa sakafuni mbele ya kochi, maana kiti niliona sikistahili. Nikamwambia yote. King'ora, mzani, mkaguzi, ukumbi wa chini, kofia ya kuogea. Keki kwenye kitambaa. Pipa. Hata pipa nimemwambia.

Nikampa karatasi ya muuguzi. Kaisoma pande zote mbili, kama anasoma orodha ya vyakula ya hoteli pinzani.

"Wiki saba nimempikia mtu mwingine," kasema.

"Ndiyo."

"Nikadhani unakufa. Nimekaa bafuni nimefungulia maji ili usinisikie."

Nikamshika goti. Hakuliondoa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Wewe ni mtu wa karai. Ningekuambia mafuta basi, ungebaki na nini?"

Kaiweka karatasi chini. Nikajua nimegusa kidonda, ila sikujua ni kipi.

"Miaka thelathini na moja jikoni," kasema mwishowe. "Mke wangu mwenyewe anadhani najua kukaanga tu."

Kumbe hapo ndipo panapouma! Si kuku. Si uongo, au si uongo peke yake. Kainuka, kachukua karatasi, kaenda kulala mchana kweupe na viatu vyake.

Jumamosi, 26 Aprili

Tangu saa kumi na mbili kajifungia jikoni. Leo hatuna zamu; mimi nipo kwenye ngazi ya mlango na daftari langu.

Sauti ngeni. Mafuta hayachachatiki. Kisu kwenye ubao. Maji. Kisu. Tusi moja. Maji.

Saa tatu. Mlango ulifunguka upana wa pua. "Ndimu?" Nikasema ruksa. Ukafungwa. Ukafunguka. "Nyanya za kuchoma?" Ruksa. "Moshi?" Nikasema nini? "Kiazi nikikifukiza moshi, huyo muuguzi atakataa?" Nikasema sidhani. "Huyo muuguzi kaolewa?" Nikasema sijui. "Namwonea huruma mumewe." Pa, mlango.

Ni mara ya kwanza tangu Alhamisi ananitania. Nimelia kidogo, hapa hapa kwenye ngazi. Jirani kadhani ni vitunguu.

Saa tano. Kanitokea na kisu mkononi, kasema nimpigie simu mwenzangu aje kula. Nikadhani sijasikia vizuri. "Mpigie. Yule ana ulimi wa kazi. Wako siujui tena."

Nimepiga. Sindano alisema samahani na mimi nilisema samahani kwa wakati mmoja, hakuna aliyemsikia mwenzake. Kauliza avae nini. Kisha kasema amekunywa maji tu tangu jana na atashinda na maji hadi Jumatatu, labda kilo mbili tatu zitatoka. Nimemkataza! Nimemkaripia kama mwanangu. Kilo sita haziondoki kwa siku mbili, hata tukinyoa nywele. Mkaguzi akitushusha, atushushe wawili. Kasema, "Ukumbi ule una mopu mbili, dada. Nimeshaangalia."

Saa saba kasoro. Kaniita mezani. Kitambaa cheupe kimetandikwa. Sahani tatu. Na Mzee kavaa kofia yake ndefu ya upishi! Sijaiona tangu hoteli ifungwe, nilidhani aliichoma. Kachora kitu katikati ya sahani: viazi, dengu, majani, mstari mwekundu wa nyanya unaozunguka kama barabara ya mlimani. Uzuri wake! Kasimama nyuma ya kiti changu, mikono mgongoni.

"Usimngoje. Onja."

Nimeonja.

Nimemwambia naomba kunawa mikono. Nipo chumbani, naandika nimesimama.

Ni kibaya! Ni kibaya mno! Moshi umekaa juu kama nyumba iliyoungua, ndimu inapiga kelele peke yake, majani yana mchanga. Chumvi kaisahau kabisa — yeye, chumvi! Miezi miwili nimesifia chakula ambacho sikukila. Hiki nimekila.

Anaita. "Vipi?"

Nikisema kitamu atajua. Nikisema kibaya atavua ile kofia. Au hataivua. Sijui. Ningejua ningekuwa nimeshatoka.

"Mke wangu! Vipi?"

Sindano huyo, anabisha hodi mlango wa mbele. Ataingia, ataonja, ataanza kusema kwa maneno yake mazuri, na mimi nitakuwa nimejificha tena nyuma ya mdomo wake. Hapana! Leo nasema mwenyewe. Kalamu chini. Naanzia kwenye chumvi, halafu moshi, halafu — nakuja, Mzee!